Deiwaka hagomi: tulivyopata mkataba madereva wa ruti ya Nkwenda

Wakuu, za huko mliko. Naandika nikiwa hapa Nkwenda, nasubiri wamalize kushusha kreti. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Anayetaka chai, yaani hadithi za kutunga, ahamie uzi mwingine.

Mimi ni dereva wa kusambaza soda na bia. Ghala liko Kayanga, tunapeleka Nkwenda, Kaisho na huko ndani ndani Kyerwa.

Madereva tuko wa aina mbili. Wa mkataba wana mshahara wa mwezi na bima. Sisi deiwaka, yaani part time, unaitwa ukihitajika na unalipwa kwa tripu. Gari lile lile, matope yale yale. Chama cha wafanyakazi ni kimoja na ada tunakatwa wote.

Watu wanadhani deiwaka anapumzika. Apumzike wapi? Simu ya alfajiri usipoipokea anaitwa mwingine, na wewe unasahaulika. Kwa hiyo nilipanga chumba Kayanga nikae karibu na ghala, familia ikabaki kwenye kibanja, shamba letu la migomba kule Kaisho.

Mke wangu Adventina alijifungua mtoto wa pili mimi niko Kayanga, nasubiri simu ambayo siku hiyo haikupigwa kabisa. Inaniuma mpaka leo.

Akaniambia, "Baba Koku, kama hiyo kazi haina siku zinazojulikana, rudi tulime." Na alimaanisha. Ama nipate mkataba, ama niache usukani.

Basi, meneja akaja kwenye kikao cha tawi na ofa: wa mkataba waongezwe mshahara, deiwaka wabaki walivyo. Justus, dereva wa mkataba, akasema tukubali tu, deiwaka watakumbukwa baadaye. Wakuu, nilitaka kumvaa.

Akasimama Editha, katibu wa tawi letu. Naye ni dereva wa mkataba, mama asiyependa maneno mengi. Akamuuliza meneja, "Deiwaka ni mfanyakazi wako?"

Meneja akajibu haraka, "Hapana, huyo ni wa kuitwa tu."

"Kwa hiyo akiitwa asije, hajagoma?"

"Agome vipi? Nitaita mwingine."

Editha akasema asante, akakaa. Akaomba kura ya ile ofa isogezwe mbele, ikasogezwa.

Siku ya gulio la Nkwenda simu zikaanza kulia. Mwenzangu mmoja alikuwa anapanda maharage, mwingine kampeleka mama yake kliniki. Mimi nilikuwa Kaisho na jembe mkononi. Nikapokea kwa heshima zote: "Leo nina shughuli, bosi."

Wa mkataba waliendesha ruti zao tu, zetu wakazikataa. Hata Justus, ambaye nilijua atatuuza. Kreti zikabaki ghalani, wenye maduka wakawaka.

Meneja akatuita, akaanza na "huu mgomo wenu". Editha akamkatisha: "Mgomo upi, na ulisema hawa si wafanyakazi?" Yule bwana akavuta kiti, akauliza tunataka nini.

Mazungumzo yalichukua muda, lakini wengi wetu tulipata mkataba wa nusu: siku zinajulikana, mshahara kulingana na siku, bima kama wengine. Nyongeza ya wa mkataba ikatoka ndogo kuliko waliyoahidiwa. Justus alinung'unika sana, sikumlaumu. Mimi chumba cha Kayanga nimerudisha, nalala kwangu.

Nilichojifunza ni kwamba bosi akikupa nyongeza, angalia kwanza nani kaachwa nje. Huyo aliyeachwa ndiye atakayetumiwa kukushusha kesho.

Sasa kuna jambo, ndiyo maana nimefungua uzi. Deiwaka wawili bado hawajapata. Na wiki hii meneja amerudi na ofa ile ile: sisi wa mkataba, nami nikiwemo, tupandishwe, wale wawili wabaki walivyo. Kura Jumapili baada ya ibada.

Hiyo pesa naitamani, sitawadanganya. Bati la jikoni linavuja na Adventina ameshaulizia bei.

Wenye uzoefu wa mikataba ya namna hii mwageni ushauri, tudai nini zaidi. Matusi pia napokea.

Ila wale wawili nimeshawapigia. Nimewaambia siku ya gulio watafute shughuli.