Nilimleta kwa Bwana, Akanirudisha Kwetu

Injili iliingia boma lile kupitia mlango wangu, na mtu asinidanganye vingine. Mimi ni Mkuria wa Kegonga. Misheni ilinisomesha mpaka nikajua kusoma, halafu baba akaniozesha kwa mvuvi Mluo huko Kisegi, mke wa pili. Mke mkubwa, mikayi kama wanavyomwita, alikuwa anapika pombe na kunicheka nikisali. Mume wetu aliinywa pombe hiyo kwake, kisha akaja kunipiga mimi. Mikayi hakumgusa, maana alikuwa na mikono mizito, naye mume alimwogopa.

Watu wa kanisa husema ni Roho aliyemgusa. Haya. Ninachojua mimi, kilichomkalisha chini kwanza ni Kiswahili. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Homa Bay, aliyekuwa akinunua samaki wake, alimcheka mbele ya watu kwa jinsi alivyoongea, naye mume wangu alikuwa mtu wa kiburi. Basi jioni, akishona nyavu, akaniambia, "Nyar Kuria," yaani binti wa Wakuria, "soma kile kitabu chako kwa sauti, nishike maneno." Nikamsomea Maandiko. Alirudia baada yangu, akinikatiza kuuliza maana, na kabla ya msimu wa mvua kuisha nilimkuta analia juu ya nyavu zake. Aliacha pombe. Aliacha kunipiga. Nilifurahi mno, nasema kweli, nikajiona hakuna mwanamke mwenye bahati kama mimi kando ya ziwa lile.

Akataka kubatizwa. Mwinjilisti akaja na wazee wa kanisa, nikawapikia samaki aina ya ngege na ugali wa mtama, wakala, wakausifu mkono wangu. Walipomaliza, mwinjilisti akamwambia mume wangu kwamba hawezi kuingia majini na wake wawili. Abaki na wa kwanza. Wa pili arudi kwao kabla ya Jumapili ya ubatizo.

"Lakini wa kwanza hata hasali," mume wangu akasema. "Huyu ndiye aliyenifundisha."

"Sheria haiulizi nani anasali. Inauliza nani alitangulia kuolewa."

Nikauliza mwenyewe, nikiwa bado nimeshika birika la maji ya kunawa: "Na watoto wangu?"

Mwinjilisti alinijibu kwa upole, na upole ule ndio ninaouchukia mpaka leo. "Mama, kila mtu na msalaba wake. Huu ndio wako."

Kuhusu watoto hapakuwa na mjadala. Baba yangu alikuwa amekwisha kupokea ng'ombe wa mahari, kwa hiyo msichana wangu na mdogo wake wa kiume, aliyeacha kunyonya juzijuzi, walikuwa wa boma la baba yao. Wanasema shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hasomi Maandiko.

Nilidhani mikayi atashangilia. Alikuja akasimama mlangoni kwangu. "Nyieka," akaniita, maana yake mke mwenzangu, "nimekuonea wivu tangu ulipofika, lakini sijawahi kuwaza kukutenga na watoto wako. Huyo Mungu wako ana wivu kunishinda." Akasema heri aende yeye, kwani kanisa hakulitaka. Wanawe wakubwa wakamkataza. Basi akabatizwa amenuna, na vyungu vyake vya pombe akavihamishia kwa jirani.

Nilimsihi mume wangu. Nikamwambia akae bila ubatizo, Mungu anauona moyo. Akanitazama kama mtu aliyemwona Shetani jikoni kwake. Alikichukua kitabu changu mwenyewe, akafungua pale panapozungumzia kukata mkono unaomkosesha mtu, akasoma bila kukwama. Niliposikia vile nikajua nimekwisha.

Aliniambia nitoke alfajiri, watoto wasijue. Nilikataa. Nilingoja wakaamka, kwa sababu sikuwa mwizi wa kutoroka kwangu. Msichana akanishika nguo. Baba yake akambandua vidole, akamwambia mama yake ni yule pale, akamwonyesha mikayi. Mdogo alikuwa anakula uji, hakuelewa kitu. Nikashika njia ya Migori nikiwa na kitabu na kanga moja.

Kwetu kaka zangu walinipa kibanda nje ya ua. Kanisani waliniketisha benchi la nyuma na waliotengwa, ati mimi ni mke wa mtu ninayezurura. Nilisali hapo hapo. Nilikuwa na ombi moja tu, niwaone watoto wangu, na kila mwenye kwenda ziwani nilimpa salamu awapelekee. Sikujibiwa.

Miaka ikapita, kukawa na mkutano wa Injili, mhubiri anatoka ziwani. Nilimjua kwa sauti. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, hata mkalimani alikaa bure. Akatoa ushuhuda wake: aliacha pombe, aliacha mizimu, aliacha mwanamke. Watu wakaitikia amina.

Nikamngoja nje.

"Bwana asifiwe, dada," akasema. Dada! Mtu aliyenizalisha.

"Watoto hawajambo?"

"Msichana yuko, anasoma. Mdogo tulimzika, surua ilipopita."

Nikashika ukuta wa kanisa. Waumini walikuwa wakipita kumpa mkono, naye akawa anawapa huku akiongea nami.

"Hukuniletea habari."

"Ungekuja kulia kama nani, dada?"

Kule kwa Waluo mtoto huzikwa kando ya nyumba ya mama yake. Niliishi nao, najua. Nikajikaza, nikamuuliza mwanangu amelala upande gani wa boma, na moyoni nilikuwa naomba aseme ni kwangu.

"Kwa mikayi," akasema. "Nyumba yako tulikuwa tumeibomoa, na mtoto hazikwi pasipo na mama."