Kikombe Alichokikataa Nguzo

Wenzake ghalani walimwita Nguzo kwa sababu hakuinama alipotwishwa gunia. Wapagazi wengine hujikunja wakalikumbatia gunia kwa mgongo wote. Yeye alinyooka, shingo imekaza, akapita juu ya ubao mwembamba wa kupandia lori kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Hayo nilikuja kuambiwa mambo yalipokwisha kuharibika. Mimi nilimjua kama mlinzi.

Nafanya kazi ya ushauri wa lishe katika hospitali ya kawaida. Chumba changu kiko mwisho wa korido, zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Kina meza, mizani, benchi refu la wagonjwa, na kapu la vyakula vya plastiki ambavyo vimeshikwashikwa hadi nyanya imepauka na yai limeingia ufa. Jumanne ni siku ya wagonjwa wa sukari. Huja wapatao arobaini, nami huwahudumia palepale mbele ya wenzao, kwa sababu hakuna pazia wala chumba kingine.

Nguzo alikuja mara ya kwanza akiwa amevaa sare ya ulinzi iliyopigwa pasi, vifungo vyote mahali pake. Kaka yake, fundi cherehani, alikuwa na ugonjwa huohuo. Kiatu kipya kilimtoa lengelenge kidoleni, lengelenge likawa kidonda, na ndani ya miezi mitano mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Nguzo ndiye aliyemuuguza. Ndiye aliyemshika mkono siku anajifunza kushuka kitandani. Wahenga walisema ukiona cha mwenzio chanyolewa, chako tia maji. Basi huyu bwana alikuja kwangu kichwa kimelowa chapachapa.

"Dada, sikuja kubembelezwa," alisema. "Niambie la kufanya nilifanye. Mguu wangu siutoi."

Nilimwonyesha sahani yangu ya kufundishia, iliyochorwa mistari: nusu mboga, robo wali au viazi au mkate, robo maharage, samaki au yai. Chai bila sukari. Soda asahau. Nilisema, na nakumbuka nilivyolisema kwa ukali wa kitaalamu, kwamba sukari kwake ni sumu. Alisikiliza kama mwanafunzi aliyekaa dawati la mbele. Alitaka kujua maharage yanahesabiwa robo ipi, na nyanya kubwa ni moja au mbili. Nilipomwambia wali usizidi ngumi, aliuliza ngumi ya nani.

Alikuwa ameweka yake mezani. Ilikuwa kubwa kama kopo la maziwa. Benchi zima lilicheka. Nami nikaweka yangu pembeni, nikamwambia, "Hii hapa."

Kwa mlinzi wa kukaa kwenye kiti getini, haikuwa mbaya. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe akunje mkono, na kuanzia siku ile wali wake ulipimwa kwa ngumi ya mkewe, kwa kuwa ililingana na yangu. Mkewe alishona sare za wanafunzi wa shule na alikuwa mtu wa vipimo. Hakukosea hata punje.

Miaka miwili ikapita. Kiwanda alichokilinda kikafungwa. Akiwa na miaka hamsini na mmoja, baada ya kumi na minane ya sare na kofia, alikwenda kwenye ghala la nafaka kuomba kazi ya kubeba magunia pamoja na vijana wa umri wa wanawe. Hakuniambia. Mwanzo wa mwaka mimi hubadilisha kadi za wagonjwa, na kwa haraka hunakili ya zamani huku nasoma kwa sauti. Jina, umri, mtaa. Nilipofika kwenye kazi niliuliza, "Mlinzi, sivyo?" Akaangalia benchi, akasema, "Ndiyo, dada." Sikuinua macho.

Ghalani aliendelea na chakula chake kilekile. Mkewe alikuwa amechora mistari ya wino ndani ya bakuli la kubebea. Wapagazi hawakuweza kuliacha hilo lipite. Mmoja waliyemwita Domo, rafiki yake wa karibu na msemaji wao katika kila jambo lisilohitaji msemaji, alikuwa akichungulia bakuli na kutangaza kwamba barabara zote ziko wazi ila hakuna gari. Siku nyingine alimwuliza Nguzo kama anafuga sungura au ndiye sungura mwenyewe. Nguzo alitafuna mboga zake taratibu. Aliwajibu kwamba wao wacheke, watakuja kumwomba awasukumie viti vya magurudumu.

Kwenye kliniki, karatasi zake zilipendeza. Sukari ilishuka mwezi hadi mwezi. Daktari aliwahi kumwongezea vidonge vya kushusha sukari zamani, enzi za kiti cha getini, na hakuna aliyeona sababu ya kuvigusa mambo yakiwa mazuri hivyo. Nilimfanya mfano. Nilimsimamisha mbele ya benchi nikawaambia wengine, "Mwoneni mwenzenu," na yeye akasimama amenyooka, mikono nyuma, kama yuko kwenye gwaride. Alikuwa amepungua. Nilimsifia hata hilo.

Mwezi wa nne tangu aanze kazi ya ghala, aliniambia jambo. Naliandika hapa kama alivyolisema, kwa sababu nimelirudia kichwani mara nyingi kiasi kwamba silipotezi tena.

"Siku hizi naisikia inatoka, dada."

"Nini?"

"Sukari. Ikifika saa nne saa tano natoka jasho jembamba, mikono inatetemeka, macho yanaingia kiza. Halafu inapita. Naona mwili unaifukuza."

Watu walicheka. Bibi mmoja alimwambia akiifukuza aifungie na mlango isije kwake. Na mimi nilicheka. Nyuma yake walikuwa wamebaki watu ishirini na tisa, mmoja wao akilalamika kwamba ameacha mtoto kwa jirani. Niliandika kwenye kadi: *Ana moyo. Aendelee hivyohivyo.* Ile habari ya kutetemeka, kwamba ni sukari imeshuka mno, kwamba mtu anywe kitu kitamu hapohapo, nilizoea kuisisitiza kwa wagonjwa wa sindano. Wa vidonge niliwaambia nilipokumbuka. Chuoni nilifundishwa kuwaambia wote. Hata mtihani niliufanya, nikapata alama nzuri.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Malori mawili yaliingia kwa pamoja na msimamizi aliwahimiza tangu asubuhi. Nguzo alikuwa amekula kipande kimoja cha mkate, yai na mboga, akameza vidonge vyake, akabeba. Domo ndiye aliyenisimulia. Alisema kwenye saa nne na nusu alimwona anasimama katikati ya njia na gunia begani, anatazama ukuta kama anasoma kitu. Shati lote limelowa. Alimwita mara mbili bila kujibiwa. Walipomtua gunia na kumkalisha, ulimi ulikuwa mzito. Msimamizi akapita, akasema mzee leo kaja amelewa, akilala hapa asihesabiwe. Nguzo hajawahi kuonja pombe.

Domo alikuwa na chai yake. Wapagazi huinywa tamu, vijiko vinne vitano, ndiyo inayowavusha hadi mchana. Alimpelekea kikombe mdomoni. Hakujua lolote la ugonjwa. Kwake mtu akilegea hupewa chai, basi.

Nguzo akasukuma kikombe. Alisema neno moja moja, kwa shida: "Dada wa lishe kakataza."

Domo akambembeleza, akamwambia kunywa bwana, huyo dada hayupo hapa hatakuona. Akakataa tena. Chai ikamwagika nusu. Kisha, kwa kuwa msimamizi alikuwa akitazama na yeye hakutaka kuitwa mlevi, aliinuka mwenyewe, akaenda kwenye rundo, akatwishwa. Alipiga hatua kama sita juu ya ubao. Gunia lilitangulia, yeye akafuata, na mguu wa kulia ukabanwa kati ya ubao na chuma cha lori.

Walimfikisha hospitalini sukari ikiwa chini sana. Sista wa mapokezi alimpiga sindano ya glukosi kwenye mshipa na dakika chache baadaye akafungua macho, akauliza kama amechelewa kazini. Kwa hilo alipona mara moja. Mguu ndio uliobaki. Vidole viwili vilikuwa vimepondeka na ngozi ya unyayo imechanika, na kila aliyekuwa pale alijua kidonda cha mguu kwa mtu wa sukari maana yake nini. Yeye alijua kuliko sisi sote.

Mimi nilipata habari kutoka kwa mkewe. Aliingia chumbani kwangu Ijumaa, siku isiyo ya kliniki, mkoba wa vitambaa bado begani. Hakukaa. Aliweka ngumi yake juu ya meza yangu, mahali palepale. Alisema amepima kwa hii miaka yote na hakuzidisha. Aliniuliza kama alikosea kupunguza. Nikamwambia hakukosea. Akaniuliza basi nani. Nilianza kumweleza mambo ya vidonge na kazi nzito na mahitaji ya mwili. Nilijisikia nikiongea kama kitabu. Nilipomwuliza mumewe anabeba magunia tangu lini, ndipo alipokaa.

"Ina maana hukujua?" alisema. "Shemeji yenu amechubuka mabega yote, nyie mnampima kila mwezi, hamkujua?"

Tunampima na shati. Sikumjibu hivyo.

Wiki ya pili wakamkata vile vidole viwili. Kidonda kikaachwa wazi, kikisafishwa kila siku. Nilichukua kadi yake, nikafuta neno mlinzi, nikaandika mpagazi, nikaona hata hilo si kweli tena maana msimamizi ameshaweka mtu mwingine. Daktari alimbadilishia dawa. Mimi nikaandika upya karatasi ya chakula, na nikazunguka nayo mfukoni siku tatu kabla ya kuweza kuingia wodini.

Alikuwa amekaa, mgongo wima dhidi ya ukuta, mguu juu ya mto. Kaka yake alikuwa pembeni, magongo yameegemezwa kwenye kitanda. Walikuwa wanataniana. Kaka mtu alikuwa akisema kama shida ilikuwa kukosa mwenza wa kushea naye jozi moja ya viatu, angemwambia mapema, wala mguu wenyewe si huo, yeye alihitaji aliyekosa wa kushoto. Nguzo alicheka hadi akashika ubavu. Aliponiona akajaribu kujiweka vizuri, kama siku zile za benchi.

Nilimwambia niliyokuja kumwambia. Kwamba ngumi ile ilikuwa ya mtu wa kukaa. Kwamba mtu anayebeba magunia na kumeza vidonge vile alitakiwa kula zaidi, na kula katikati ya asubuhi, na kwamba ile chai ya rafiki yake ndiyo ilikuwa dawa. Kwamba nilinakili kadi bila kumtazama.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alitazama kidogo mikono yake.

"Kazi uliniuliza," alisema. "Mimi ndiye niliyeitikia. Wale watu wa benchi walinijua na kofia yangu, dada. Niliona haya. Hilo usilibebe, ni gunia langu."

Nilikuwa tayari nimeanza kushusha pumzi. Lakini hakuwa amemaliza.

"Ila kutetemeka nilikuambia."

Alisema bila ukali. Kaka yake akageuza uso dirishani. Nikasema ndiyo, uliniambia.

"Mkacheka."

"Tulicheka. Na mimi nilicheka."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetaka tu kuhakikisha kwamba anakumbuka sawasawa. Kisha akanyoosha mkono apewe karatasi. Aliisoma yote, kidole kikifuata mistari. Alipofika mahali pa sukari kushuka aliniuliza ni vijiko vingapi, na maji yawe mangapi, na kama hakuna sukari asali inafaa. Maswali yaleyale, kwa makini yaleyale. Nilijibu moja moja. Ningependa zaidi angeichana.

Nilipoondoka, sista alikuwa akija na sinia la vifaa vya kusafishia kidonda. Nilimwuliza kinaendeleaje. Alisema ukingo mmoja umeanza kufunga, mwingine bado una weusi, daktari amesema wampe hadi Jumatatu ndipo ataamua kama kukata vidole kunatosha. Nikasimama nje ya pazia. Nilimsikia Nguzo akimwambia sista ampe kioo kidogo, anataka kukiona kidonda mwenyewe, chote, hata huo upande mbaya.