Rebeka Anamsamehe Mumewe

Usiku ule nikamsikia tena Lukasi akigonga. Nyundo juu ya mwamba, chini ya miguu yangu. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya. Mikononi nimeshika gogo lenye udongo mbichi, na mbele yangu shimo limeshajifunga. Kashinje ananiambia, "Weka kwenye mkokoteni, Yohana." Na mimi naliweka.

Hayo hayakuwa ndoto tu. Yalitokea kweli, mchana kweupe, miaka mingi nyuma. Ila ndoto zangu zote huanzia hapo, sina namna. Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Lukasi alikuwa rafiki yangu. Tulichimba dhahabu pamoja kwenye duara la Mzee Bundala. Duara ndilo shimo letu sisi wachimbaji wadogo, na kuta zake zinazuiwa na magogo, tunayaita matimba. Tulikuwa na desturi moja ambayo hata mlevi aliiheshimu: ukitaka kushuka, unavua shati, unalitundika kwenye msumari mdomoni mwa duara. Shati likiwa pale, hakuna mtu kugusa timba.

Siku hiyo Bundala alitaka matimba yahamishiwe kwenye duara jipya, maana la zamani lilikuwa halitoi kitu tena. Kashinje, msimamizi wake, akanichukua mimi na wachimbaji wengine tukayachomoe. Nikafika, nikaona shati la Lukasi, lile la bluu lenye kola iliyochanika. Nikasema, "Kuna mtu chini."

Kashinje akalichomoa msumarini, akalitupa vichakani. "Shati la jana hilo. Mtu mzima unaogopa nguo? Chomoa, au nimwite mwanamume."

Wenzangu wakacheka. Shati lilikuwa bado limelowa jasho. Niliona. Nikachomoa timba, na duara likajifunga.

Lukasi aligonga kule chini mpaka jua likaelekea kuzama. Bundala alikuja, akavua kofia, akasikiliza. Akasema tukifukua, serikali italifunga eneo lote, tule nini? Akasema ni mawe tu yanajipanga. Akaamuru kifusi kiongezwe. Baadaye akaweka karasha lake pale pale juu, mashine ya kusaga mawe, inatetemesha ardhi kutwa nzima. Rebeka, mke wa Lukasi, akaambiwa mumewe katorokea Zambia na mwanamke. Na kanisa, ambalo Bundala ni mzee wake, likamtenga Lukasi kwa kuitelekeza ndoa yake. Jina lake lilisomwa mbele ya watu wote.

Mimi nilikunywa mpaka pombe yenyewe ikanichoka. Ndipo nikaokoka. Nilimweleza Mchungaji Elikana kila kitu, nimepiga magoti, sikuficha hata shati. Akanibatiza kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, akaniwekea mkono kichwani: "Yesu amelifunga hilo, Yohana. Usilifukue." Nilifurahi. Siwezi kusema uongo, nilifurahi kwa sababu ilikuwa rahisi.

Basi usiku ule, ndani ya ndoto, gogo linatua kwenye mkokoteni, na mkokoteni si mkokoteni tena, ni ukingo wa lambo. Nimevaa kanzu nyeupe. Waumini wanaimba, Bundala anapiga makofi. Mchungaji ananishika shingo, ananizamisha, na mkono wake hauniachii. Nafungua macho. Maji hakuna. Ni udongo, ni joto, ni giza lile ninalolijua.

Lukasi ameketi amekunja magoti, kifua wazi. Ni kijana vilevile. Ananitazama kichwa mpaka miguu.

"Umezeeka, kaka," anasema. "Na umenenepa. Kumbe wokovu una wali?"

Nataka kucheka kama zamani, udongo unaniingia mdomoni. Namwambia nimesamehewa. Nasema mbiombio, kama anayeogopa kukatizwa, nataja toba, nataja damu ya Yesu, nataja lambo. Hanikatizi.

"Naamini," anasema. "Bwana hana uongo. Na mimi nilikusamehe siku ileile, nilipochoka kugonga."

Nilidhani maneno kama hayo yangenifungua. Yakaniangukia mazito kuliko mwamba.

Sasa tumo kanisani, sijui tumepandaje. Lukasi kasimama nyuma yangu, udongo unamdondoka sakafuni, hakuna anayegeuka. Rebeka yuko benchi la mbele, mvi zimemjaa. Ni wakati wa maombi, naye anasimama kuomba yale anayoyaomba kila Jumapili, yale ambayo nikiwa macho nayasikia kwa masikio yangu haya: "Bwana, nipe moyo wa kumsamehe mume wangu."

Mchungaji anasema amina. Bundala anasema amina. Mimi nasema amina.

Lukasi ananiinamia sikioni. Pumzi yake haina joto.

"Ananisamehe nini, Yohana?"

Namtazama Rebeka akiketi.

"Mwambie apumzike," anasema. "Mwambie mahali nilipo."

Nikageuka nimshike mkono. Nikashika shuka.

Kulikuwa kumekucha. Sikuamka mwepesi kama wanavyosema watu wakitoa ushuhuda. Niliamka mtu yuleyule, na nje karasha la Bundala lilikuwa limeshaanza kusaga.

Naamini Yesu alinisamehe, sijaacha kuamini. Ila nadhani alinisamehe ili niseme, na mimi nikauchukua ule msamaha nikaumwaga juu ya Lukasi kama kifusi kingine. Kama ule uhuru niliopewa na msamaha bado upo, sijui. Nimechelewa sana. Shemeji Rebeka amemaliza ujana wake akimchukia mtu aliyekuwa amelala chini ya karasha analolisikia kila siku, na hakuna toba yangu itakayomrudishia.

Niliyechomoa timba ni mimi. Niko tayari kupelekwa popote. Sitamwomba shemeji anisamehe, huyu mama amesamehe bure vya kutosha.

Lakini sikuwa peke yangu. Kashinje, ulijua kuna mtu chini. Mzee Bundala, ile nyundo uliisikia, nilikuona ukivua kofia. Mchungaji Elikana, nilikuambia yote, nawe unaendelea kuitikia amina. Mimi Jumapili hii nitasimama niseme yangu, hata mkinitoa nje. Yenu siwezi kuwasemea. Kabla Rebeka hajafumba macho kuomba, mmoja wenu asimame mbele ya watu wote amwambie mumewe alimkosea nini.