Kibao kwenye Geti la Harold Sutcliffe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Pauline Greenwood anapanga barua mezani wala hana haja ya miwani. Leo, katika posta ndogo ya Cragden, kaskazini mwa Uingereza, bahasha mbili zimeandikwa Harold Sutcliffe. Moja anaisukuma kushoto, nyingine kulia.

"Hii ya Harold wa Darajani, mambo yake ya njiwa," anasema. "Hiyo ya Harold wa Jabalini. Bili ya umeme, maskini."

Njia yake ina nyumba 186. Kumi na tisa ni za kina Sutcliffe, ishirini na tatu za kina Greenwood. Sutcliffe maana yake jabali la kusini, na Greenwood ni msitu wa kijani. Hapo kale mtu aliitwa kwa mahali alipoishi, kisha jina likawang'ang'ania watoto na wajukuu, hata waliohama. Siku hizi majina hayo yamejaa bonde zima kiasi kwamba hayamtambulishi mtu, na wenyeji wamerudi kule kule kwa mababu: wanaitana kwa nyumba zao.

Bahasha zina jina la nyumba, kama Darajani au Jabalini, lakini mageti hayana. Majina hayo yamo kichwani mwa Pauline, ambaye ana miaka 65 na amepeleka barua hizi kwa miaka 31. Ijumaa anastaafu.

Kinachomnyima raha ni barua moja ambayo bado haijafika. Miaka minane iliyopita, akiwa nyumbani anauguza goti, mtu aliyeshika zamu yake alipeleka Darajani barua ya hospitali ya macho iliyokuwa ya Jabalini. Harold wa Darajani alikuwa kwa binti yake. Barua ikalala nyuma ya mlango wiki tano. Ilipompata mwenyewe, jicho la kushoto halikuokoka.

"Sikuwa kazini, najua," anasema Pauline. "Lakini inaniuma mpaka leo."

Sasa jicho la kulia la Harold wa Jabalini linasubiri upasuaji, na barua ya tarehe itakuja wakati wowote mwezi ujao. Kumpigia simu ni kazi bure, kwani Harold, mwenye miaka 79, hapokei namba asizozijua.

"Anayenirithi nimemwandikia daftari zima. Lakini naye ataugua siku moja, si binadamu?"

Dawa ni kibao cha jina la nyumba getini. Tatizo ni kwamba Cragden vibao ni vya wahamiaji. Mzaliwa wa hapa akiweka chake, watamcheka kilabuni mpaka Krismasi.

Saa nne, gari jekundu la posta linasimama Jabalini. Harold yuko jikoni, birika mkononi.

"Umekuja tena na ubao wako," anasema.

"Nimekuja na barua, mzee. Ubao umenisindikiza tu."

"Babu hakuweka, baba hakuweka. Jina langu ni lile jabali pale juu. Unataka nionekane nimetoka London juzi?"

"Nataka posta wakuone."

"Na kule kilabuni?"

"Watakucheka wiki moja, wataishiwa. Jicho likienda, hutawaona hata hao wanaokucheka."

Harold anamimina chai, na nusu yake inaishia mezani kando ya kikombe. Pauline anachukua kitambaa anafuta. Amekuwa akifuta meza hiyo tangu mwezi wa pili.

"Wa posta anayenijua ni nani mwingine?" Harold anauliza hatimaye.

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Harold."

Mzee anageuza shingo ili amtazame kwa jicho lililobaki. "Basi kiweke. Lakini Ijumaa, ukishamaliza kazi. Mpaka saa hiyo mimi bado ni mwenyeji hapa."

Pauline anarudi garini na kukaa kidogo kabla ya kuwasha. Kwa miezi mitano amembembeleza, amemfokea, hata amemletea keki.

"Nimeshinda, na wala sijafurahi," anasema.

Anapanga kustaafu taratibu, alime viazi na kumtembelea dada yake pwani. Lakini kwanza kuna Ijumaa. Atamaliza nyumba zote 186, atavua koti la posta, halafu atapanda Jabalini na nyundo na misumari minne.

"Nitavua koti kwanza," anasema. "Sitaki posta ndiyo imgeuze mgeni. Afadhali jirani."