Tulipopanga Kupumzika Webuye

Mwaka ule nilikuwa na uchovu ambao usingizi hauuondoi. Nilifundisha darasa la nane katika shule moja ya msingi mjini Kitale, niliishi mtaa wa Matisi na watoto wetu wawili, na mume wangu alikuwa mtumishi wa serikali Bungoma, amepanga chumba Kanduyi. Alikuja Ijumaa jioni, akaondoka Jumapili baada ya kanisa. Katikati kulikuwa na Jumamosi, na Jumamosi za upande wetu si za mwenyewe, ni za matanga. Kama hakuna maziko Kitale, yapo Bokoli kwa wakwe zangu. Kama hayapo Bokoli, basi kuna harambee ya kumpeleka mtu hospitali ili asitufikishe huko. Mimi na mume wangu tulikuwa tunaonana kwenye viti vya plastiki chini ya tenti, tukipitishiana sahani za wali.

Ndipo ikaja habari ya Taveta. Aliniambia Ijumaa moja akiwa anavua soksi kwamba wakubwa wake wanataka kumpandisha cheo, ila cheo chenyewe kiko Taveta, kule mpakani, upande wa pili kabisa wa nchi. Walitaka jibu kabla mwezi haujaisha.

"Tutaongea," akasema.

"Tutaongea," nikajibu, tukalala.

Wiki iliyofuata tulisema hivyo hivyo. Iliyofuata tena, hivyo hivyo. Maneno yangu hayakuwa mengi. Nilitaka akatae. Kama hawezi kukataa, basi aseme twende sote, nitafute shule huko huko kwenye joto. Lakini nibaki Kitale peke yangu na watoto, na darasa la mtihani, na shamba la mama yangu linalonisubiri kila likizo, na mume wa kuonana naye Krismasi? Hilo sikuliweza, na nilitaka kumwambia hivyo nikiwa nimekaa chini, hakuna mtoto anayeniita, hakuna simu inayokatika katikati ya sentensi.

Wazo la kukutana Webuye lilikuwa langu. Kila mmoja wetu alipita Webuye akienda kwa mwenzake, na hakuna aliyewahi kushuka hapo ila kubadilisha gari. Tuliujua mji ule kwa harufu ya kiwanda cha karatasi, ambayo ilimwamsha abiria aliyesinzia na kumwambia alipofika. Nikaanza kuufikiria kwa macho mengine. Ni mji mdogo, wa zamani, umekaa kando ya Nzoia. Una reli yake na stesheni yake ya enzi za wazungu. Una maporomoko ya Nabuyole. Una kilima cha Chetambe, ambako wazee wa Kibukusu, watu wa mume wangu, walichimba handaki wakapigana na wageni wenye bunduki. Nimewafundisha watoto wa wengine habari za handaki hilo miaka yote hiyo na sijawahi kuliona.

Basi nikapanga. Nilipanga jinsi watu wengine wanavyopanga harusi. Watoto walale kwa mama yangu. Mimi nitoke Kitale asubuhi, yeye wiki hiyo asije Ijumaa, atoke Kanduyi, tukutane steji ya Webuye. Tunywe chai mkahawani, chai ya kuketi, si ya kusimama. Tushuke mtoni polepole, tutafute jiwe, tutie miguu majini, tuongee. Tukimaliza kuongea tunyamaze. Mchana tule samaki. Jioni kila mtu arudi kwake, jibu likiwa limepatikana, kwa maana Jumatatu ndiyo iliyokuwa siku ya kulipeleka.

Mama yangu alinisikiliza huku akichambua maharagwe. Yeye alitoka Nyeri akiwa msichana, akafuata mume na shamba huku kwetu Trans-Nzoia, na sijui kama aliwahi kukaa chini mchana isipokuwa kanisani.

"Unaenda kuangalia maji," akasema.

"Ndiyo, mami."

"Maji ya hapa yana shida gani?"

Nikamwambia ni kupumzika. Akaniangalia kwa huruma, lakini watoto aliwakubali.

Mume wangu naye alikubali papo hapo, na hilo lilinishangaza. Ni mtu wa vipingamizi. Ukimwambia twende sokoni atauliza kuna mvua gani. Safari hii alisema tu, "Ni sawa, mama watoto. Hata wewe unahitaji kupumzika." Niliyabeba maneno hayo wiki nzima. Nilijiambia, huyu bado ananipenda.

Kosa nililifanya mimi, siku mbili tatu kabla ya safari. Mvua ilikuwa inanyesha na nilihofia utelezi. Nikampigia simu wifi yangu wa Bokoli, dada ya mume wangu, ambaye tunaitana mulamwa kwa lugha yao.

"Mulamwa, hiyo njia ya kushuka kwa maporomoko, saa hii iko na matope?"

"Ya maporomoko? Nani anaenda huko?"

"Nauliza tu."

"Ati unauliza tu!" Akacheka sana. "Si useme mnakuja, bana. Karibuni. Kalibuni kabisa." Akifurahi, r yake hugeuka l, kama ya wengi wa kwao.

Nilikuwa nimeolewa huko muda wa kutosha kujua. Kwetu mtu akiuliza njia anajibiwa njia, mambo yanaishia hapo. Bokoli mtu haulizi njia mpaka awe ameshafunga kamba za viatu, na kabla hajakata simu kuna jogoo ameshafungwa mguu nyuma ya jikoni. Na Bokoli iko jirani mno na Webuye. Mwana wa boma akionekana Webuye na mkewe, halafu warudi bila kufika nyumbani, hiyo si safari tena, ni tusi.

Nilimpigia mume wangu nikiwa karibu kulia. Yeye akacheka.

"Ni wewe umetuuza."

"Basi tuahirishe."

"Utaahirisha aje na kuku amefungwa?" Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo, "Hata ni vizuri. Acha wazee watuone."

Nilikasirika, lakini hasira pia inataka nguvu. Nikapanga upya. Tutakutana mapema, tutaongea mtoni kwanza, kisha twende Bokoli mchana. Nilihitaji saa moja tu ya mume wangu.

Niliposhuka Webuye Jumamosi hiyo alikuwa ameshafika. Kando yake alisimama wifi yangu na kikapu chenye chupa ya chai na vikombe. Kando ya wifi alisimama shangazi wa mume wangu, amevaa gambuti, vile viatu vya mpira vya kukanyagia matope. Walikuwa wamekuja kutuchukua ili tusipotee.

"Tutapotelea wapi, na huyu alizaliwa hapa?" nikauliza kwa kicheko, maana ilikuwa lazima nicheke.

"Njia imehalibika," akasema shangazi, akanishika mkono. Hakuuachia tena hadi mtoni.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa matembezi yangu ya polepole. Mkahawa tuliupita. Chetambe tulionyeshwa kwa kidole. Shangazi alinieleza habari za mtu na jirani yake waliogombania mpaka, na kila nilipogeuka kumtafuta mume wangu nilimwona mbele na dada yake, anamwuliza hali ya mahindi. Hajawahi kuwa na mapenzi hayo kwa mahindi.

Maporomoko yalikuwa mazuri, sitaki kuyasingizia. Nzoia ilikuwa imejaa, nyekundu kwa udongo wa mashamba ya kwetu juu, na maji yaligonga mawe kwa nguvu hadi kifua kikatetemeka. Wifi yangu akamimina chai. Nilimvizia mume wangu aliposogea pembeni kidogo, nikamfuata.

"Kuhusu Taveta," nikaanza.

"Eeh," akasema. Aliyatazama maji. Halafu akageuka akapaza sauti, "Shangazi, angalia usiteleze!"

Shangazi alikuwa ameketi juu ya jiwe pana, kikombe mkononi, haendi popote. Mume wangu akamwendea. Nikabaki pale nimeshika viatu vyangu, na miguu yangu haikuingia majini kwa sababu tayari walikuwa wananiita. Kuku alikuwa amewiva na Mzee, baba mkwe wangu, hali mpaka wageni wafike.

Bokoli nilienda moja kwa moja jikoni. Mama mkwe alifariki kabla sijaolewa, kwa hiyo jikoni ni kwa wifi na shangazi, na mimi ni wa kusonga ugali. Baba mkwe nilimsalimu kwa mbali, nimeinamisha kichwa. Kwao mke wa mwana hampi baba mkwe mkono, hawaketi karibu, na Mzee hana desturi ya kumwelekezea maneno yake. Ni mtu mpole. Katika miaka yote ile sikumbuki kama aliwahi kuniambia jambo moja uso kwa uso.

Moshi uliniingia machoni. Nilisonga ugali wa watu wengi, nikaosha sahani, nikawachotea wanaume maji ya kunawa. Kutoka sebuleni nilisikia kicheko cha mume wangu, kicheko kizuri cha mtu aliye kwao. Shangazi aliniwekea paja la kuku, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kula, mama. Kula upate nguvu."

"Nimekula, shangazi."

"Ongeza. Na pole. Pole sana."

Nilidhani ananipa pole ya matope. Nikamwambia asante, tumezoea.

Jua lilipoanza kushuka nikaweka tumaini langu la mwisho kwenye njia ya kutoka bomani hadi barabara kubwa. Si fupi, nami nikitembea taratibu ingetosha. Lakini huko mgeni hatoki peke yake, anasindikizwa. Tulitoka sote: mimi na kuku hai niliyepewa, wifi na mkungu wa ndizi kichwani, shangazi na gambuti zake, mume wangu akiwa mbele na baba yake, mikono nyuma, hatua sawasawa. Nilimtazama kisogo njia nzima. Nilikuwa na hasira na nilikuwa nimechoka, na sikujua ipi imezidi. Nikasema basi, nitamwambia barabarani, mbele yao wote, waone aibu wao. Nitasema, kesho usiende kanisani, njoo Kitale tuongee, kwa sababu Jumatatu unajibu. Sentensi nzima niliipanga kichwani.

Tulipofika lami Mzee akavua kofia. Hakuna anayeachana na boma lile bila kuombewa safari. Tukasimama mduara, mimi upande wa mbali naye inavyopasa, tukafumba macho.

"Baba Mungu," Mzee akaanza, "tunakushukulu kwa siku ya leo. Umetuletea watoto wetu wakiwa wazima. Tunakushukulu kwa hii kazi kubwa umempatia kijana wetu. Vile alikuja hapa Jumapili akaniambia amekubali, na mimi nikambariki, sasa wewe umtangulie huko Taveta. Umkinge na hiyo joto na hiyo malaria ya huko."

Nilifumbua macho. Jumapili ile iliyopita aliniambia ana kazi ya ofisi, akaondoka Kitale kabla ya kanisa. Huko kwao habari kubwa mwana humpelekea baba yake kwanza, na baba akishabariki, hairudi nyuma. Mume wangu alikuwa kafumba macho kwa nguvu kuliko nilivyowahi kumwona kanisani. Shangazi alikuwa ananitazama mimi.

Mzee hakuwa amemaliza. Aliniombea na mimi, akiniambia Mungu akisikia yale ambayo desturi haikumruhusu kuniambia mwenyewe.

"Na huyu mama ya watoto anabaki Kitale. Wewe unamjua. Amelea hao watoto yeye peke yake, na ataendelea kulea. Mpatie roho ya kukubali vile mume wake amekubali. Mpatie nguvu, Baba. Asichoke."

Wote wakasema Amina. Na mdomo wangu, ambao ulikuwa umebeba maneno yangu mwenyewe tangu asubuhi, ukasema Amina pamoja nao.