Kuna Anayeumwa? Hayupo!

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nimesimama kwa mguu mmoja pembeni ya barabara kule Kiseke, watu kama sitini wananitazama, na mimi sijui kama nilie au nicheke. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Najua kwako huo si ujana. Wewe mwenye ishirini na mbili unamwona mtu wa thelathini kama wa kuandika wosia. Lakini nilikuwa kijana, na akili yangu ilikuwa changa kuliko hata miaka yangu.

Ngoja nianze mwanzo, maana nina tabia ya kurukia mwisho.

Nilikuwa fundi wa kushona pale Mabatini, kama nilivyo hadi leo. Cherehani yangu ni ile ya kukanyaga kwa miguu, kwa hiyo mguu ndio ulikuwa unanilisha. Nyumbani kwangu Kiseke tulikuwa na klabu ya jogingi. Unazijua klabu hizi: fulana za rangi moja, mmejipanga mistari miwili, Jumamosi alfajiri mnapita mitaani mkiimba mpaka mbwa wanaamka na wenye nyumba wanawalaani kimoyomoyo. Mimi nilikuwa mwimbishaji. Sikuwa na kasi wala pumzi ya kutisha, ila Mungu alinipa koo. Nikiita watu wanaitika, na miguu yao inafuata sauti yangu.

Wimbo wetu mkubwa ulikuwa wa kuulizana. Naita, "Kuna aliyechoka?" Wanaitika, "Hayupo!" Naita, "Kuna anayeumwa?" Wanaitika kwa nguvu zaidi, "Hayupo!" Hapo mlima wowote unapandika. Niliupenda sana wimbo ule, nisikufiche. Wiki nzima nimeinama kwenye nguo za watu, huyu analalamika kola imekaa upande, yule anasema kiuno kimebana, halafu Jumamosi watu sitini wanakwenda kwa kauli yangu. Nilijiona mtu.

Mwaka ule tukaamua klabu nzima tuingie mbio za kilomita ishirini na moja hapa mjini. Wengi wetu hatukuwahi kukimbia hata nusu ya hizo. Tukaanza mazoezi ya nguvu, siku nne kwa wiki, kutoka Kiseke tunashuka Pasiansi, tunapita Kirumba hadi mjini, kisha tunarudi. Nyuma yangu alikuwa anakimbia Neema, binti aliyekuwa na mgahawa mdogo wa chai na chapati, mcheshi, mwili umejaa kiasi. Huyo aliniganda kama kivuli. Nikiongeza mwendo anaongeza, nikipunguza anapunguza.

Wiki ya sita mguu wangu wa kushoto ukaanza visa. Ni kwenye mfupa wa mbele, kati ya goti na kifundo, mahali padogo unapoweza kupaziba kwa kidole gumba. Nikianza kukimbia unauma, nikipata joto unanyamaza, nikifika nyumbani unauma maradufu. Cherehani nayo ikazidi kunichanganya. Leo nakanyaga hadi jioni bila shida, kesho nikiigusa tu pedeli machozi yananilengalenga. Nikaanza kujishuku mwenyewe. Labda ni uvivu unatafuta sababu. Labda ni hofu ya zile kilomita, imeshuka mguuni.

Basi nikaanza kuuliza watu, lakini kwa siri, mmoja mmoja, na nje ya klabu. Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Jirani yangu akasema nimekanyaga kitu cha watu kilichotegwa, nikimbie kwa mganga kabla hakijapanda kiunoni. Mama mmoja wa kuchua akasema mshipa umehama, akanikanda kwa mafuta ya moto hadi nikaona nyota. Kijana wa duka la dawa akanipa vidonge vya maumivu na kuniambia nipumzike siku tatu. Mteja wangu mmoja aliyejiita mwanamichezo wa zamani akacheka, akasema nikipumzika ndipo mguu utakapozoea kudeka. Kila mmoja nilipokuwa mbele yake nilimwamini. Nikitoka hapo namwamini anayefuata. Kuna juma ambalo nilikanda, nikameza vidonge, nikapumzika na nikakimbia, vyote kwa pamoja, na bado nilishangaa kwa nini sielewi kinachonisaidia.

Mwisho nikaenda hospitali wakanipiga picha ya mfupa. Daktari akaiinua dirishani, akasema haionyeshi kitu, lakini nisikimbie kwa majuma kadhaa, nirudi wapige tena, kwa sababu ufa mwembamba huchelewa kuonekana. Unajua nilichosikia mimi? Nilisikia "haionyeshi kitu." Hayo mengine yalipita hewani. Nilitoka pale nimefurahi na nimechanganyikiwa zaidi: mfupa mzima, na bado unauma. Nikaamua kwamba mguu ndio mwongo.

Katika klabu yetu alikuwepo Mzee Masanja. Ujanani alichunga ng'ombe wa baba yake huko kwao Magu, baadaye akafanya kazi kwenye meli za ziwani za kwenda Nansio hadi alipostaafu. Alikuwa na miaka sitini na kitu, mwembamba, miguu kama fito. Yeye alijipa kazi ya kukimbia mwisho wa wote. Aliyeishiwa pumzi anakuta Mzee yuko naye, wanatembea polepole, wanapiga soga, hadi wanatufikia tulipopumzika. Hakuna aliyewahi kuachwa na Mzee Masanja.

Jumamosi ile niliyokuambia, zimebaki wiki mbili tu kabla ya mbio, tulikuwa tumemaliza, tunajinyoosha pembeni ya barabara. Mzee akanijia moja kwa moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Kulwa. Mguu gani?"

"Mguu gani, kivipi?"

"Unaouma."

"Mbona hakuna unaouma, mzee wangu."

Akanitazama bila haraka. "Mimi niko nyuma, sikuoni, lakini nakusikia. Zamani ukiita neno la mwisho ulikuwa unalivuta. Wiki ya tatu hii unalikata. Unalikata mguu mmoja ukitua chini. Sasa nataka kujua ni upi."

Nilihisi joto masikioni. Watu walikuwa wameanza kusogea, Neema akiwa mbele.

"Haya, nirukie," Mzee akasema. "Mguu mmoja, kisha mwingine. Anza na wa kulia."

Nikaruka wa kulia mara kumi, nacheka, nafanya madoido. Kisha nikasimama kwa wa kushoto. Mwanangu, ule mguu haukuruka. Niliuamuru, ukakataa. Nilisimama juu yake nimeganda, maumivu yanapanda hadi kwenye meno, watu wote wanasubiri. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, na kila kitu kingekuwa tofauti.

Nikateremsha mguu wa kulia taratibu, nikageukia watu, nikasema kwa sauti, "Jamani, Mzee leo anataka tucheze michezo ya watoto! Uzee huu!"

Wakacheka, wote. Mzee Masanja akatabasamu kidogo, akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Hilo linaniuma hadi leo kuliko mfupa. Nilimfanya mzee wa watu achekwe ili mimi nisionekane nimeumia.

Jumatatu alikuja kazini kwangu Mabatini. Nilidhani amekuja kunigombeza, nikajipanga kumwomba radhi na kumpa maneno matamu. Akakaa kwenye benchi la wateja, akakataa soda.

"Ng'wanawane," akasema, akaniita mtoto wake kwa Kisukuma, "sikukatazi kukimbia. Wewe ni mtu mzima. Nakuomba jambo moja. Waambie wenzako kwamba unaumwa."

"Niwaambie ili iweje, mzee? Waanze kunionea huruma?"

"Waambie tu."

"Lakini picha imetoka safi kabisa!"

"Nimesikia. Mimi sijaongelea picha."

Akaaga, akaondoka. Nilibaki nimeshika mkasi, sielewi. Angenikataza ningemwelewa, ningebishana naye, ningemshinda kwa maneno. Lakini kuwaambia wenzangu? Wana uhusiano gani na mfupa wangu? Niliona ameanza kuzeeka vibaya. Nikaendelea kushona, nakanyaga kwa mguu wa kulia peke yake.

Siku ya mbio nilimeza vidonge vinne kabla ya chai. Usinifuatishe. Tuliondoka mjini kwa kelele zetu, fulana zetu, watu wanatupigia makofi barabarani. Niliita, wakaitika. Niliuliza kama kuna anayeumwa, wakanijibu hayupo, na mimi mwenyewe nikaitika pamoja nao. Hadi kilomita ya kumi sikuusikia mguu. Nikajisemea, unaona sasa? Yote yalikuwa mawazo.

Muda mfupi baada ya kugeuza njia kurudi mjini nilisikia kitu kikikatika. Sikutambua mara moja kwamba ni mimi. Niligeuka nyuma kutazama, nikidhani kuna mtu amekanyaga chupa. Kisha barabara ikanijia usoni.

Wenzangu walisimama, nikawafukuza, nikawaambia wamalize mbio. Neema alisitasita sana, nikamfokea, "Nenda! Utachelewa kwa ajili yangu?" Akaenda. Nilikaa kwenye changarawe nimeushika mguu kwa mikono miwili, na wakimbiaji wanapita, mamia ya miguu mizima inapita mbele ya macho yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwisho wa wote akaja Mzee Masanja. Aliponiona hakukimbia wala hakupiga kelele. Alikaa chini kando yangu, kwenye changarawe, na mbio zake zikaishia hapo. Nilisubiri aseme, "Si nilikwambia?" Mwanangu, alikuwa na haki ya kusema hivyo mara mia.

Akauliza tu, "Mguu gani?"

"Wa kushoto, mzee," nikasema, na nikalia mbele za watu kama mtoto mchanga.

Ufa ule mwembamba ulikuwa umepasua mfupa wote. Nilifungwa hogo la plasta kutoka juu ya goti hadi kwenye vidole, na cherehani ikakaa kimya miezi minne. Dada yangu alihamia kwangu kunipikia. Lakini hayo niliyastahimili. Kisichostahimilika kilikuja siku ya tano, klabu walipokuja kunipa pole.

Walijaa sebuleni, wengine wamekaa chini, wamebeba matunda na maziwa. Neema aliingia mwisho. Kizingiti cha mlango wangu kiko juu kidogo, na nilimwona ameshika miimo ya mlango kwa mikono miwili, anaupandisha mguu mmoja, kisha anauvuta mwingine. Goti lake lilikuwa limevimba, limejaa kama papai.

"Neema, umepata nini?"

"Goti, dada."

"Lilianza kwenye mbio?"

Akatazama chini. "Lina miezi miwili."

Nikaja juu. Nilisema yote ambayo watu wazima husema: mbona hukusema, mbona ulijitesa, mbona huna akili. Neema aliningoja nimalize. Kisha akasema polepole, bila hasira, "Dada Kulwa, kila asubuhi ulikuwa unatuuliza kama kuna anayeumwa. Ukatufundisha na jibu lake. Mimi nilikuwa nakutazama mgongoni, naona wewe huumwi, nikasema basi shida ni mimi."

Halafu jamaa mmoja kule kwenye kona akakohoa, akasema yeye ana kisigino. Mwingine akasema nyonga. Mama mmoja akasema kucha zake mbili zimeng'oka na amekuwa akizificha hata kwa mumewe. Nilihesabu, nikaacha kuhesabu. Ile klabu yote ya watu wazima kama nguzo ilikuwa inaumwa, na kila mmoja alidhani anaumwa peke yake. Mzee Masanja alikuwa amekaa karibu na dirisha. Alinitazama mara moja tu, akageuza uso nje. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alitaka niwaambie.

Mimi nilipona. Nilirudi kwenye cherehani, na miaka miwili baadaye nilimaliza zile kilomita ishirini na moja nikiwa karibu na mkia, sina haraka na mtu. Neema hakukimbia tena. Mgahawa wake bado upo, na ukienda utamwona anavyoshika meza kila anapotaka kuinuka. Amenisamehe zamani, anasema hata hakuona la kusamehe. Mimi ndiye nikimwona akiinuka natamani kwenda kumshika mkono, na nikienda ananifukuza kwa mwiko huku anacheka.

Sasa mwanangu, usinijie kuniuliza ni maumivu gani ya kukimbia nayo na yapi ya kusimama nayo. Miaka yote hii na bado sijui vizuri. Mwili hauna lugha nyepesi. Kuna maumivu yanayoondoka ukijinyoosha na kuna yanayojificha ukipata joto, na mimi yalinidanganya yote. Yakikaa mahali pamoja palepale siku nyingi, pumzika na umwone daktari, na akikueleza msikilize hadi mwisho wa sentensi. Hilo ni la mfupa. La moyo ni hili: unapoumwa, sema, na uwaambie wale unaokimbia nao kwanza. Wasikusikie kwa jirani. Hasa kama wewe ndiye wanayemfuata, maana yupo anayekutazama mgongoni na kujilaumu kwa maumivu ambayo na wewe unayo. Na mzee akikushtukia mbele za watu, meza aibu yako mwenyewe, usimlishe yeye.

Nenda mwanangu, Mungu akulinde mifupa na viungo. Akujalie wenzako watakaopunguza mwendo wakisikia umeumia, akuondolee kiburi cha kuwafukuza, na kila nyumba utakayoingia akupe watu wa kuambiana ukweli kabla hakijavunjika kitu.