Nyama ya Kando ya Mshipa

Dada yangu Kavuo amechoma nyama ya mbuzi mjini Beni kwa miaka kumi na tisa, na hajawahi kurudishiwa kipande. Hilo hulisema mwenyewe hata usipomwuliza. Wachomaji wengine huambiwa kila siku, "Rudisha ku moto." Wateja wake hutafuna wakanyamaza.

Mwaka huu alikutwa na uvimbe kwenye ini, wa ukubwa wa ndimu. Madaktari wa Kampala walisema hawatamkata. Watapenyeza sindano hadi katikati ya uvimbe na kuuchoma kwa joto. Kavuo aliwauliza kama wana mkaa mzuri. Niliona aibu kwa niaba yake.

Aliporudi, kanisa letu lilimshukuru Mungu kwa uponyaji, na mbuzi mzima akaliwa. Aliyemchoma ni mgonjwa mwenyewe. Tulikuwa tumekata kanzu na mtoto hajazaliwa, maana picha ya skana ilikuwa bado.

Baada ya mwezi tulipanda Butembo kuipiga. Daktari Éliakim alitugeuzia skrini, nikaona doa jeusi kubwa kuliko uvimbe wa zamani. Nikajua dada yangu anakufa. Daktari alisema hapana, cheusi ndicho kilichoungua, na lazima kiupite uvimbe pande zote ili pasibaki kitu. Cha kuogopa ni kinachong'aa ukingoni baada ya kudungwa dawa ya picha mshipani, kwa kuwa hicho bado kinakunywa damu.

Nilishusha pumzi. Kavuo alivaa miwani akaisogelea skrini, kama anavyokagua paja la mbuzi.

"Hapa iko mubichi," alisema, akionyesha ukingo mwembamba mweupe.

Daktari alikiri kwamba ndipo alipokuwa anaelekea.

"Kando ya mufupa moto haifikake," Kavuo alisema. "Hii njo mufupa?"

Daktari alijibu kuwa si mfupa, ni mshipa mkubwa. Damu inayopita humo ilipoza joto, na kipande kile cha uvimbe kikabaki hai. Niliogopa kuliko mara ya kwanza. Nilimshika dada mkono, naye hakuuondoa, jambo ambalo si kawaida yake.

Aliuliza kama kinaweza kuchomwa tena. Daktari alisema ndiyo, kingali kidogo, lakini wasichelewe. Kavuo alivua miwani.

"Basi," alisema, "murudishe ku moto."